Simu ya Adome

Jua lilikuwa linazama Namuar aliposhuka kwenye gari pale Kakuma. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba anakwenda kununua vioo vya simu. Vioo vilikuwepo tele Lodwar. Kilichomleta ni Shalom.

Kwa miaka tisa Namuar alikuwa ndiye fundi simu wa kutegemewa Lodwar. Simu ambayo mwenyewe kasahau namba za siri, simu iliyofungwa kiwandani ikubali laini za mtandao mmoja tu, zote alizichomeka kwenye kompyuta yake na kuzifungua. "Umeinunua, ni yako," aliwaambia wateja. "Kiwanda hakiwezi kukupangia."

Kisha zikaja habari za Shalom, binti wa Kikongo aliyeweka meza ya ufundi Kakuma. Simu zilizomshinda Namuar zilipelekwa kwake asubuhi, zikarudi jioni zimefunguka. Hana hata kompyuta, watu walisema. Anazishika tu.

Hapo Namuar akageuza maneno. Kufungua simu ni kuiharibu, akawaambia watu. Ni dhambi. Yule mwanamke ana mashetani. Wateja walimsikiliza kwa adabu, wakaondoka na simu zao, wakazituma Kakuma. Juma lililopita hata Akeno, mkewe wa ndoa, alituma yake kimyakimya. Ilirudi ikifanya kazi kama mpya. Usiku ule Namuar hakupata usingizi.

Sasa begini mwake mlikuwa na simu ya Adome, mvuvi wa Kataboi, kando ya ziwa. Aliiacha kibandani kwa Namuar miezi minane iliyopita ifunguliwe, akafa maji kabla ya kuirudia. Namuar alikuwa ameijaribu kwa kila ujuzi aliokuwa nao. Ilikataa. Ikimshinda Shalom pia, angetangaza Lodwar nzima. Ikifunguka, angeiona siri yake kwa macho yake mwenyewe.

Shalom alikuwa anakusanya vifaa vyake. Mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani.

"Karibu, papa," akasema, akimwita baba kwa lahaja ya kwao.

"Nifungulie hii."

Hakuipokea. "Ni ya kwako?"

"Kila mteja unamuuliza hivyo?"

"Kila mmoja. Kama ni ya kwako, ninafungua. Kitu chako huombi mtu ruhusa. Ya mwingine... hapana, papa."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe Namuar, yakitoka katika kinywa cha binti huyu. Wivu ukamchoma kifuani.

"Ni yangu."

"Sema tena."

Barabarani pikipiki ilipita, ikapotea.

"Nimesema ni yangu!"

Shalom alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Basi iwe ya kwako," akanong'ona.

Namuar aliikodolea macho mikono ya Shalom. Hakukuwa na waya. Hakukuwa na chombo chochote. Shalom aliichukua simu, akailaza kiganjani, akaifunika kwa kiganja cha pili.

Harufu ikaja.

Tope. Samaki wabichi. Harufu ya ziwa, pale Kakuma, ambako mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kisha kutoka kati ya viganja vile ikasikika sauti ndogo ya maji... chubwi... chubwi... kama mtu anayepiga makasia taratibu.

Simu ikawaka. Shalom akaielekeza usoni mwa Namuar.

Ikafunguka.

"Umefanyaje?" Namuar akauliza.

"Mimi? Ni wewe umesema, papa." Akabeba meza yake, akaenda zake.

Ndani ya gari la kurudi Lodwar, Namuar alifungua picha. Ya kwanza ilikuwa ya ufukweni: mwanamume mwenye shati la bluu ameinua samaki mkubwa, na bibi kizee amemshika bega. Akaisogeza karibu.

Mwanamume yule alikuwa yeye.

Kovu la juu ya jicho lilikuwa lake. Meno yalikuwa yake. Shati lile hakuwahi kulimiliki.

Akatoa simu yake mwenyewe, akaielekeza usoni. Haikufunguka. Akabonyeza namba zake za siri. Si sahihi. Akazirudia. Si sahihi.

Ile nyingine ikaanza kuita. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: MAMA.

Hakukumbuka kuipokea.

"Adome? Mwanangu, nimekuwekea chakula. Unakuja lini?"

Alitaka kusema, mama, umekosea namba. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Niko njiani, mama," kikasema kinywa chake.

Kutoka stendi alikwenda nyumbani karibu akikimbia. Akabisha. Akeno akafungua, taa mkononi.

"Ejok," akasema kwa upole, kama anavyowasalimu wageni. "Fundi hayuko. Alienda Kakuma."

"Akeno... ni mimi."

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja. "Nani amekuambia jina langu? Na mbona unanuka ziwa?"

"Mimi ni mume wako!"

"Mume wangu yuko karibu kufika," akasema, akiipandisha sauti ili majirani wasikie. "Ondoka kabla hajakukuta hapa."

Lakini alipolitaja neno mume, macho yake yalivuka bega la Namuar yakaenda barabarani, na uso wake ukalegea kwa hamu. Miaka mingapi Namuar hakuwa ameuona uso ule? Au ulikuwepo kila jioni, naye akaingia ndani bila kuutazama?

Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Akabaki amesimama gizani, begi kifuani, wivu ukimtafuna kuliko siku zote za maisha yake: wivu juu ya huyo mwanamume anayengojewa. Hakuondoka. Alitaka amwone akija.

Kutoka upande wa stendi zikasikika hatua. Zilikuwa za mtu aliyechoka, anayeijua njia, asiye na haraka: mwendo ule ule wa Namuar mwenyewe.

Ndani ya nyumba, Akeno akacheka kidogo kwa furaha, akaanza kulifungua komeo.