Mkoromo wa Chumba cha Ndani

Gaspari alizima kompyuta, mkoromo ukaendelea. Akadhani ni spika, akachomoa waya. Wapi! Ndipo akageuka akamwona binti yake Leticia, mtoto wa miaka sita, amelala kwenye kochi la studio, anakoroma kwa sauti ya mzee.

Sauti hiyo aliijua, maana aliirekodi mwenyewe. Gaspari alitengeneza video za vichekesho hapo Msamala, na safari hii alihitaji mlevi anayekoroma. Mikoromo ya mtandaoni aliikataa. "Hawa wanakoroma kizungu," alimwambia mkewe, Oliva. "Watu wa Songea watacheka nini?" Si angechukua hiyohiyo tu, jamani! Lakini alikuwa nayo ya kwake. Kwenye msiba wa mzee Kajetani kule Mshangano, watu wakiwa wamemaliza kula mchana, alichungulia chumba cha ndani akakuta mtu mkekani, kajifunika shuka gubigubi, anakoroma mivuto mitatu, kimya, halafu ulimi unagonga. Akatoa simu akarekodi. Msibani! Huyo ndiye Gaspari, haya hana.

"Leti! Leti mama, amka."

Hakuamka. Walimmwagia maji, wakamkimbiza hospitali, wakapima damu, malaria hakuna, homa hakuna. "Amelala tu," waliambiwa, wakarudi naye nyumbani. Kesho yake midomo ya mtoto ilikuwa imekauka na kupasuka, na kila alipotoa pumzi chumba kilijaa harufu ya ubani na udongo mbichi.

"Gaspari," Oliva alinong'ona, "anayepumua hapo siyo mwanangu."

Gaspari akapanda pikipiki hadi Mshangano kwa bibi Asumpta, dada wa marehemu. Jumapili bibi huyo hukaa benchi la mbele kanisani, lakini mambo ya mizimu yakimzidi mtu, anajua mlango wa kugonga.

"Shikamoo bibi. Siku ya msiba, nani alilala chumba cha ndani?"

Bibi akaacha kupepeta mahindi. "Hakulala mtu. Mkeka ule tulimtandikia marehemu. Haulaliwi mpaka matanga yaanuliwe."

Gaspari akaanguka magotini, akasema yote, huku analia kama mtoto.

"Sasa hivi naifuta, bibi!"

"Ukiifuta atabaki humo alimo. Alikuwa anapumzika, wewe ukamchukua. Sasa anamwingia anayelala huku anamsikia. Akipata mwingine, humwachia wa kwanza."

"Mwingine nani?"

Bibi akamgusa kifuani kwa kidole.

"Na huyo mwingine, mzee atamtokaje?"

"Matanga tumeshaanua, mwanangu. Mkeka tumeuchoma. Hana tena pa kurudi."

Alirudi nyumbani jua bado kali. Hakumweleza Oliva chochote, alimwomba tu afunge mapazia, akajilaza kitandani kando ya Leticia, akavaa spika za masikioni, akaiweka sauti ijirudie yenyewe, akafumba macho, na hofu ikamkatalia usingizi, huku mivuto mitatu inakuja na kimya kinakuja na ulimi unagonga, tena na tena, mpaka hakujua tena kama mkoromo unatoka kwenye simu, au kwa mwanawe, au nyuma ya shingo yake mwenyewe, pale alipoanza kuhisi mtu anavuta shuka taratibu, anajisogeza, anatafuta nafasi ya kulala. Akamshika mwanawe mkono. Kisha mkono ukalegea.

Leticia akapiga chafya, akaketi.

"Mama, nina njaa."

Oliva akapiga kelele, akamkumbatia, analia, anacheka, anamshukuru Mungu, na kwa mkono mwingine anamtikisa mumewe. "Baba Leti, amka uone! Ameamka! Gaspari!"

Mivuto mitatu. Kimya. Ulimi ukagonga.

Oliva akamtikisa kwa nguvu zaidi, jina la mumewe likawa kilio, mpaka Leticia akamshika mkono kwa upole.

"Muache babu alale, mama," alisema. "Amechoka."