Lebo Zilizokutwa Kwenye Kabati Langu

"Mwizi ndiye huyu! Mpigieni polisi simu!"

Aliyepiga kelele hizo ni dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja! Na aliyekuwa ananyooshewa kidole ni mimi.

Jamani, msinihurumie bado. Nisikilizeni kwanza.

Kazi yangu ni kuchanganya wino kwenye kiwanda cha kuchapa lebo za dawa za watoto. Wino wetu si wa mchezo. Kwa macho huuoni, lakini ukiumulika kwa taa ya zambarau, unawaka kijani. Hapo muuza dawa anajua hii ni halali, ile ni feki.

Asubuhi hiyo kikanuka. Dawa feki zimekamatwa madukani, na lebo zake zinawaka kijani vilevile! Dada ndiye msimamizi wetu. Akafungua kabati langu mbele ya kila mtu...

Rundo la lebo feki!

"Unauza sumu kwa watoto?" akanifokea.

"Dada, wallahi sijaweka mimi!"

"Usiniite dada!"

Mwenzangu mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Nina watoto wawili. Nikawaona wanalelewa na majirani, mama yao yuko jela.

Bosi, mama mmoja asiyechekacheka ovyo, akatuingiza mimi na dada ofisini kwake. Akafunga mlango, akatoa barafu kwenye friji.

Niwaambie kitu. Wino ule una siri ya pili: ukipigwa baridi, mwanga wa kijani unageuka mwekundu. Tuliojua ni ipi ni wawili tu, bosi na mimi; wengine walijua tu kwamba ipo. Niliapa kutomwambia mtu.

Bosi akaweka lebo moja juu ya barafu, akamulika. Kijani. Tukasubiri...

Kijani tu!

Nikaanza kupumua. Aliyetengeneza zile lebo hakuijua siri!

Dada akaona mambo yanaharibika. Akadakia, "Siyo barafu, bosi! Ni joto! Zipashe, utaona ni kazi yake!"

Akaibandika lebo mwenyewe kwenye kikombe cha chai ya moto. Bosi akamulika.

Nyekundu!

"Umeona?" dada akasema, kifua mbele.

Bosi akazima taa. "Wino wangu haujawahi kugeuka kwa joto. Nani kakwambia joto?"

"Huyu hapa! Aliniambia kwa mdomo wake!"

Ni kweli, nilimwambia. Miezi miwili nyuma alikuja kwangu, akanisuka nywele huku akinichimba: siri ya pili ni ipi, siri ya pili ni ipi. Nikaona nikimnyima atanuna mwezi mzima. Nikamdanganya kwamba ni joto. Sikumwambia mtu mwingine yeyote duniani.

Dada akanitazama. Nilimwona akielewa, polepole, kisha akakaa chini.

Polisi walikuja kweli. Walimchukua yeye.

Jioni mama yetu akanipigia. Nikadhani ananipa pole. Wapi!

"Kwa nini ulimdanganya mwenzio?" akalia. "Angejua ukweli, leo angekuwa nyumbani!"

Hakuuliza nani aliweka lebo kabatini mwangu. Hakuuliza watoto wangapi walikunywa ule uchafu!

Nikamjibu, "Mama, nilimdanganya kwa sababu namjua."

Akakata simu. Hajapiga tena mpaka leo.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, siri ya kazi ukikabidhiwa, kaa nayo. Ndugu akikununia, mwache anune. Kununa hakujawahi kumpeleka mtu jela.