Matairi Sawasawa na Madigadi

"Musyimi, chagua leo. Mimi au hayo matairi."

Alinichungulia kutoka chini ya gari, uso umejaa grisi, akatabasamu. Mtu nimekuja na hasira zangu kamili, yeye ananitolea meno!

"Wakio, hebu nipe hiyo spana."

"Sikupi kitu! Kesho wazee wako wanapanda kwetu Mghange kuniposa, na wewe bado umelala mchangani hapa Voi. Umenyoa? Umepiga pasi shati?"

"Baba yako alisema nini kuhusu gari hili?"

Alichosema baba kila mtu alikisikia, maana alikisemea nje ya kanisa, watu wakitoka ibadani. "Gari gani hili, magurudumu yamejificha ndani kama yanaogopa watu?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Musyimi peke yake hakucheka. Baba yangu, mzee Mwandawiro, aliendesha malori ya jeshi wakati wa vita, na kwa Musyimi, fundi wa magari, neno la mzee huyo kuhusu gari lilikuwa sheria.

Nayo pikapu ile, kusema kweli, ilichekesha. Aliiokota ikiwa mzoga, akaitia eksili fupi ya gari jingine dogo, ndiyo maana magurudumu yalizama ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika matairi. Sasa alikuwa amechonga vipande vinene vya chuma vya kuweka nyuma ya kila gurudumu, ili lisogee nje.

Akainuka, akasimamisha ubao ubavuni mwa gari.

"Tazama. Ubao unagusa madigadi, unagusa na tairi. Sawasawa kabisa. Mzee atasema nini tena?"

"Musyimi, jamani, baba hana neno na matairi. Hakutaki kwa sababu wewe ni Mkamba."

Lilinitoka hivyo tu. Nikatamani nilimeze tena.

"Amekwambia hivyo?"

"Hajaniambia. Lakini mwaka mzima kila nikikutaja anainuka, anaenda kuangalia ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe ni mmoja!"

Akafuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Sikiza. Ukamba siwezi kuutoa. Matairi naweza kuyatengeneza. Niache nitengeneze ninachoweza."

Hapo hasira zangu zote zikaisha, nikampa spana. Nilipanda basi la kwenda nyumbani nikiomba njia nzima, kwa maana nilimpenda mtu yule vibaya sana, na kesho yake baba angesema ndiyo au hapana mbele ya watu.

Siku ya pili nilikuwa jikoni na shangazi Jedidah, dada yake baba, tunapika. Tukasikia gari linapanda. Halafu tukasikia kelele nyingine, kwiiii, kama nguruwe anayechinjwa. Likanyamaza. Likaanza tena, kwiiii! Harufu ya mpira unaoungua ikapanda mpaka jikoni.

"Mungu wangu, ni nini hicho?" shangazi akauliza.

"Ni mchumba wangu, shangazi," nikasema, nikatupa mwiko.

Tuliteremka mbio hadi kona ya mwisho chini ya boma letu. Pikapu imesimama, moshi unafuka juu ya matairi ya nyuma. Nyuma wamejaa watu: mjomba wake Makau, mnene kama pipa, mama yake mdogo Katunge, wazee wengine wanne, gunia la sukari na mbuzi wawili. Musyimi amepiga magoti kando ya gurudumu, shati jeupe limeshaharibika.

Baba akaja na fimbo yake. Hakumwamkia mtu. Akainama, akatazama.

"Madigadi yanakula tairi," akasema. "Uliyapima lini?"

"Jana, mzee."

"Ndani ya gari kulikuwa na nani?"

Musyimi akamtazama mjomba wake.

"Hakukuwa na mtu, mzee."

Mama Katunge akapiga makofi. "Ai! Umepima gari tupu, ukatupakia sisi na Makau! Springi zitakosaje kulala?"

"Mimi nimefanya nini tena?" Makau akalalamika.

Watu wakaanza kucheka, ila baba hakucheka. Aligeuka akaanza kupanda mlima. Nikajua sasa imekwisha, anaenda kwa ng'ombe wake.

"Mwandawiro!" Shangazi Jedidah alimzibia njia, mikono kiunoni. "Huendi popote. Gari limekwamishwa na chuma, sawa, limemshinda fundi. Lakini wewe umekwamishwa na nini? Una kitu rohoni. Kitoe hapa."

Kwetu, uwe Mkristo usiwe, jambo kubwa haliendi mbele mtu akiwa amefungia hasira moyoni. Ataisema, kisha atatema maji ili iende zake. Tunaita kutasa. Baba akachomeka fimbo yake ardhini.

"Huyu kijana," akasema, "kila Jumapili anakuja kumchukua binti yangu kumrudisha Voi. Anasimama hapo barabarani. Piii! piii! Binti anakimbia na kikapu. Mwaka mzima! Hajapanda hata siku moja kuniamkia. Mimi ni nani, mtu wa kupigiwa honi? Mtoto wangu ni mzigo wa kupakiwa?"

Kumbe! Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe haukuwa Ukamba, wala matairi!

Musyimi aliinuka, macho yamejaa maji.

"Mzee, niliogopa. Siku zote nimechafuka grisi, na hii lugha yenu, Kidawida changu ni kibovu. Nilisema nikipanda na mikono hii utaona binti yako ameokota takataka. Nisamehe."

"Mikono?" Baba akainua yake, nyeusi kwenye kucha tangu enzi za malori. "Na hii ni ya nini, ya karani?"

Shangazi alishaleta kibuyu cha maji. Baba akajaza mdomo, akatema upande huu na upande ule.

"Hasira yangu iende. Hawa watoto wapate amani."

"Na iwe hivyo!" sote tukaitikia, Makau kwa sauti kuliko wote.

Nilipumua pumzi niliyokuwa nimeibana mwaka mzima. Musyimi akachukua jeki, akatoa vile vyuma vyake kimoja kimoja, baba akimshikia magurudumu yakirudi ndani. Wageni wakapakiwa tena, gari likapanda bila kelele, likiendeshwa na baba mwenyewe.

Musyimi alipanda kwa miguu. Akafika mlangoni, akavua kofia, akamwamkia baba kwa Kidawida chake kibovu, neno moja moja.

Baba akainuka kitini. Akamshika mkono, grisi na yote.

"Karibu ndani, mwanangu. Mwaka mzima nimengoja kukwambia neno hilo."

Nikalia palepale, mbele ya Wakamba wote, wala sikuona haya.