Niachie Kidogo

Kinyozi hakuwa na mke, hakuwa na subira, hakuwa na kioo cha pembeni upande wa kushoto, wala hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Na pikipiki yake ya mbio, nyekundu kama pilipili, haikuwa na klachi ya kuteleza. Hilo la mwisho hata hakujua kuwa ni upungufu.

Alilijua kwenye duka la vipuri, katikati ya foleni ndefu. Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na kilemba cha manjano alimgeukia.

"Kaka, ile nyekundu nje ni yako? Nimekuona ukiingia kona. Ukishusha gia, nyuma inarukaruka kama mbuzi."

"Mbuzi? Dada, ile ni simba!"

"Basi simba wako ana kwikwi. Mimi ni fundi; mlete karakana nimtibu."

Kinyozi alicheka hata akasahau alichofuata dukani.

Akampeleka simba, na moyo ukabaki hukohuko. Zikaanza simu. Kinyozi alipiga akiwa na mkasi mkononi, mteja akingoja na nusu ya ndevu.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Grisi! Hebu nyoa watu, bwana."

Fundi alicheka, naye Kinyozi akapiga tena. Kisha mama yake Fundi akashikwa na homa kali. Mchana Fundi alikuwa chini ya injini, jioni kando ya kitanda, na simu haikukoma kulia. Siku moja akasema kwa sauti ya uchovu, "Mpenzi, niachie kidogo."

Kinyozi akasikia "niache". Akazima simu, akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, akamuuliza kulikoni.

"Ameniacha, Shangazi."

"Amekwambia hivyo, au umejiambia mwenyewe?"

Hata hivyo, pikipiki ilikuwa bado karakana, ikambidi Kinyozi aifuate. Fundi alimkabidhi ufunguo bila kumtazama. "Ijaribu kwanza. Ile kona ya kiwanda cha matofali."

Kinyozi akaifuata kona kwa hasira zake zote. Gia ya nne, ya tatu, ya pili, akaachia mkono wa klachi ghafla. Akajikaza kungojea ule mruko. Haukuja. Injini ilinguruma, mwendo ukapungua, na gurudumu la nyuma likatulia barabarani kama mtoto aliyeshiba.

Akarudi taratibu. "Umeifanya nini?"

"Nimeiwekea klachi ya kuteleza. Ukishusha gia kwa pupa, injini inageuka breki. Inalivuta gurudumu mpaka linapoteza barabara. Klachi hii ikizidiwa inaachia kidogo, halafu inashika tena."

"Inaachia. Haiachi?"

"Ingeacha, ungefika hapa na nini?"

Kinyozi akasema polepole, "Ulisema niachie."

"Kidogo! Nilisema kidogo!" Macho ya Fundi yalijaa machozi. "Mama anaungua na homa, nawe unaniuliza nimekula nini. Halafu kimya, kama simu imetumbukia kisimani. Mama mwenyewe ananiuliza, yule kinyozi wako yuko wapi?"

"Nisamehe, mpenzi. Mama anaendeleaje?"

"Jana alikunywa uji. Akalalamika hauna sukari."

"Alhamdulillahi!" Wakacheka wote wawili, na Fundi akamfuta vumbi shavuni kwa kitambaa cha grisi, akamwachia doa jeusi. Kinyozi hakulifuta.

Jioni ile alimwandikia mama mtu kwa mkono. Alimshukuru kwa kupona, na kwa kumlea binti anayejua kuachia bila kuacha. Akaomba, kwa heshima zote, aje na shangazi yake kumposa Fundi.

Akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba hadi ikashika. Asubuhi akasimama mbele ya sanduku la posta, barua nusu ndani, nusu nje, vidole vimeing'ang'ania.

Akaiachia.