Honi Yangoja Jibu

Haya yalimkuta rafiki yangu Khelef, engineer mzima wa digrii, aliyekosa kazi akaishia kuchunga Wazungu. Kwenye misafara ya pikipiki yeye ndiye mkia: wageni mbele, yeye nyuma kabisa, asipotee mtu.

Karibu na maghrib, nje ya mji wa Ibra, Oman, waliingia wadi nyembamba, bonde kavu la mto, majabali huku na huku, pikipiki haigeuki. Humo giza lilishatangulia. Desturi yao ni kupigiana honi: wa mbele anapiga, wa nyuma yake anamjibu, mpaka Khelef afunge kwa honi ya mwisho.

"Yalla, twende, ewe mkia, usilale!" Firas, kiongozi wao, alimtania kwenye redio ya helmeti.

Khelef akaifuata taa nyekundu iliyo mbele yake. Wadi haikwisha. Injini aliyoisikia ni yake tu.

"Khelef, weye wapi?" Firas hakucheka tena. "Sote tushatoka. Twakungoja weye."

"Wallahi nna mgeni mbele yangu."

"Wageni wote n'nao hapa, akhi. Rudi nyuma!"

Arudi vipi, na jabali linamkwaruza magoti?

Taa nyekundu ikasimama. Honi ikalia mara moja, kisha kimya, ikingoja ajibu.