Mke Aliyeuawa kwa Barua

"Natafuta nyumba ya Sajini Alpheus Doane," mgeni alisema, akivua kofia kwa mkono uliobaki. Mkono mwingine wa koti lake la kijeshi ulikuwa mtupu, umebanwa kwa pini. "Nina barua yake kwa Tryphena."

Lovisa aliacha kukoroga sabuni iliyokuwa ikichemka uani. Tryphena alikuwa mdogo wake. Waliishi pamoja pale shambani Indiana tangu Alpheus aende vitani kupigana na majimbo ya kusini.

"Yuko zizini anakamua. Nipe mimi, ni mke wa Alpheus."

Mgeni alirudi nyuma hatua mbili.

"Mke wa nani?"

"Wa Alpheus. Lovisa. Kwani vipi, shemeji, mbona unanitazama kama mzuka?"

"Mke wa Alpheus amekufa! Homa ya matumbo, mwezi wa Desemba. Kambi nzima tulimwombea. Mimi mwenyewe, Orrin Tackett, ndiye niliyemshika Alpheus asianguke."

Lovisa alicheka. Kisha akaona mgeni hacheki.

Lovisa hakujua kusoma. Barua zote za mumewe alisomewa na Tryphena, na majibu yote aliyaandika Tryphena. Tangu majira ya baridi, alizosomewa zilikuwa fupi: mvua, maharage, matope. Akadhani vita vimemkausha mtu wake.

"Ifungue. Nisomee."

"Si yako, shemeji."

"Si nimeshakufa? Maiti haina aibu. Soma!"

Orrin akasoma:

"Mpenzi Tryphena, uliponiandikia kwamba Lovisa ametutoka, nilidhani nami nimekwisha. Barua zako ndizo zilizonishika mkono. Sasa umekubali kuwa mke wangu. Tumepewa likizo ya siku thelathini. Nitashuka kituoni Terre Haute tarehe kumi na tisa, tufunge ndoa hukohuko kama ulivyoomba, maana unasema nyumba hiyo imejaa huzuni."

Tryphena akatokea na ndoo ya maziwa. Alimwona Orrin, akaiona barua. Ndoo haikumponyoka. Aliiweka chini taratibu.

"Umeniua, Tryphena?"

"Dada, nisikilize..."

"Umenizika wapi? Nionyeshe, nami nikajililie."

"Wewe ulikuwa unaniambia nimwandikie nini? 'Mwambie nguruwe kazaa. Mwambie paa linavuja.' Basi! Maneno aliyolala nayo kifuani yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempenda mle ndani ya barua!"

"Paa lilikuwa lake, ndiyo maana nikamwambia. Na mimi ungenifanyaje? Mngeoana mjini, mimi niko hapa namngoja?"

Tryphena aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Ningemngoja mpaka lini?"

"Ningekusomea barua," Tryphena alinong'ona, "kwamba ameuawa vitani."

Lovisa hakumpiga. Alimwonyesha njia iendayo kwa shangazi yao, akarudi kukoroga sabuni huku machozi yakimtiririka.

Tarehe kumi na tisa, Orrin alimpeleka Lovisa kituoni kwa gari la farasi. Alpheus alishuka amenyoa ndevu, koti limepigwa brashi, macho yakimtafuta bibi harusi. Yakamkuta mkewe.

Begi likamtoka mkononi.

"Lovisa?"

"Ndimi."

Alimgusa uso, mabega, vidole. Akamkumbatia akilia kwa sauti, watu wakageuka kutazama. Lovisa alimwacha alie. Aliponyamaza, Lovisa akamweleza yote, kisha akauliza:

"Habari ya kifo changu uliipata lini?"

"Siku mbili kabla ya Krismasi. Niliumia, Lovisa, Mungu shahidi!"

"Na posa ulimwandikia lini?"

Alpheus akatazama treni.

"Lini, mume wangu?"

"Katikati ya Januari."

"Wiki tatu."

"Kule watu wanakufa kila siku! Mtu unashika chochote kilicho karibu. Tryphena alinidanganya, si wewe tu!"

"Tryphena alinichimbia kaburi. Wewe ulikuwa na haraka ya kushindilia udongo."

Walirudi nyumbani. Alpheus alilala ghalani likizo yake yote. Kila asubuhi aliomba msamaha mlangoni, na kila asubuhi Lovisa alimpa uji wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe, asimpe jibu.

Siku ya kurudi vitani alisimama langoni, begi begani.

"Nitakuandikia kila wiki. Mke wa mchungaji atakusomea."

"Usiniandikie, Alpheus. Barua ndizo zilizoniua."

"Basi tutaongeaje?"

"Usife. Rudi usimame hapahapa, uniambie kwa mdomo wako mwenyewe kwa nini nikufungulie. Nitakusikiliza."

"Utanifungulia?"

"Nimesema nitakusikiliza."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akaegemea ubao wake mpaka hatua za Alpheus zilipopotea barabarani.