Mume Wangu, Mguu wa Mwanamke na Vani ya Milango ya Kusukuma

Nilimkuta mume wangu kashika mguu wa mwanamke mwingine. Kweupe! Saa nne asubuhi!

Wala hawakujificha. Wako yadi ya magari, mlango wa gari wazi, bibie kakaa kwenye kiti, mume wangu kapiga magoti chini anauinua ule mguu taratiiibu kama kabeba yai...

"Wee mwanaume!!"

Akaushusha mguu polepole. Hata kushtuka hakushtuka vizuri.

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Macho ninayo!"

Mteja wangu wa saluni ndiye aliyenipigia simu kwamba kamwona yadi na mdada. Nikaacha kichwa cha mtu nusu, nikaruka bodaboda.

Sasa kabla hamjanihurumia, ngoja niwaambie kuhusu lile gari. Maana mwanamke alikuwa nusu ya aibu. Nusu ya pili ni kwamba mume wangu anafumaniwa kwenye VANI! Wenzake wanafumaniwa kwenye hoteli za maana. Wangu kwenye vani ya familia, milango ya kusukuma kando, iko chini chini kama droo ya kabati.

Mwenzenu ni msusi, nina saluni yangu. Mume wangu ni fundi milango. Tuna watoto watatu, na miezi mitano mizima tulikuwa tunabishana gari. Mimi nataka lile dude jeusi, refu, ukikaa juu unawaona watu utosi. Yeye vani.

"Dude lina viti saba," namwambia.

"Na vani ina saba."

"Dude likipita watu wanageuka!"

"Vani mlango wake haugongi ukuta."

Jamani! Mtu anachagua gari kwa sababu ya mlango!

Alikuwa anakwenda yadi na futi yake ya kazini. Anapima kutoka ardhini mpaka sakafu ya gari, anapima upana wa mlango, anaandika kwenye kiganja. Dalali ananitazama, mimi natazama pembeni nijifanye simjui. Lakini ningeshangaa nini? Siku aliyokuja kunichumbia, mwanaume huyu alikagua bawaba za mlango wetu kabla hajamsalimia mama yangu.

Basi turudi kwa bibie. Viatu bapa, uso hauna hata poda, na nywele kasukwa na mtu asiyempenda.

"Dada, samahani, mimi ni—"

"Wewe nyamaza! Mstari wenyewe wa nywele umepinda!"

Mume wangu akasimama kati yetu.

"Nimeahidi kukaa kimya mpaka Jumamosi. Nivumilie siku tatu tu."

"Umemwahidi nani?"

Akaiokota futi yake chini.

Nikacheka. Kile kicheko cha kumfanya mtu ajione takataka. Akiba yetu ilikuwa kwenye jina langu, kwa hiyo nikaingia ofisini kwa dalali papo hapo, nikasaini dude jeusi. Mbele ya macho yake! Hakubisha. Alikunja futi, akaitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kurudi kazini.

Siku tatu nikamlaza sebuleni.

Jumamosi ilikuwa mahafali ya binti yetu mkubwa. Mama yangu mzazi ndiye aliyemlea tangu anatambaa, na alishaapa hakosi. Tukaenda kumchukua, mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni kanuna, watoto nyuma. Nilianza kupiga honi tangu kona ya kwanza ili majirani wa mama watoke. Na kweli walitoka!

Kwa mama nilikuwa sijafika miezi miwili. Saluni, si mnajua. Lakini kwenye simu kila siku alikuwa mzima.

Mama akatoka ndani... na mkongojo.

"Mama, huo wa nini?"

"Wa kutembelea."

Akafika mlangoni mwa gari. Akaangalia pale pa kukanyagia. Akainua mguu wa kulia, haukufika. Akainua tena, ukawa unatetemeka.

"Bibi, ruka!" mdogo akapiga kelele.

"Nendeni tu, wanangu. Mtaniletea picha."

Nikasema... jamani, nilisema hivi mbele za watu: "Mama, acha kudeka bwana! Kidogo tu hapo!"

Mama akauegemea mkongojo.

"Nyonga yangu imekwisha, mwanangu. Mumeo ndiye ananipeleka mazoezi kila Jumatano. Yule dada anayenifanyisha mazoezi, mumeo alimwomba waende yadi, akae kama ninavyokaa mimi, waone gari gani nitaliweza. Mguu wangu unaishia hapa."

Akaonyesha katikati ya ugoko.

Nilihisi majirani wote wananiangalia mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Jirani alipoanza kushika mkongojo, ulimwigiza mwendo hapahapa uani. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nikamwapisha mumeo asikuambie. Nilitaka leo unione nikipanda gari mwenyewe."

Nikaficha uso kwenye usukani. Mimi! Mwenye mdomo mtaa mzima!

Mume wangu alishashuka, yuko kwenye simu. Ikaja teksi ndogo ya chini. Mama akaketi kwanza, yeye akamzungushia miguu ndani, wakaondoka. Hakunitupia hata neno moja baya, na heri angenitukana.

Mahafali yalipokwisha nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Basi.

Jumatatu nikakimbilia yadi. Vani imeshauzwa, na dude halirudishwi. Dalali alinicheka waziwazi. Nikasimama nikachekwa, kwa sababu nilistahili.

Kwa hiyo msinipe pole kwenye komenti. Kumbe wa kudharauliwa hapo juu nilikuwa mimi, nimewaandikia kwa mkono wangu. Ukimwona mwenzio anahangaika na kitu unachokiona cha kijinga, kabla hujamcheka, muulize anamhangaikia nani. Huenda ni mama yako.

Jana ilikuwa Jumatano. Nilifunga saluni nikawahi kwa mama, nikaikuta teksi mlangoni, na mume wangu kasimama kando yake. Nikanyoosha mikono.

"Mama, leo nikushike mimi."

"Hapana, mwanangu," akasema kwa upole kabisa. "Wewe tangulia na gari lako."

Nikatangulia, viti sita vitupu.